Kuamka na Kuamshwa

Kiswahili kimejaliwa utajiri katika vitenzi vyake, ambao sisi wenye kukitumia kila siku tumeuzoea mno hata hatuuoni. Mtu aliyelala akafumbua macho mwenyewe husemwa kwamba ameamka. Aliyetikiswa bega na mwenziwe husemwa kwamba ameamshwa. Mtoto wa darasa la chini hufundishwa tofauti hii kwa dakika chache, akaandika mifano mitano katika daftari lake, akaenda zake kucheza. Lakini katika mwaka 2016 fedha nyingi zilitumika nchini Marekani ili watu wasiione tofauti hiyo hiyo. Maneno yangu leo yahusu picha ya sinema iliyotangazwa kwa fedha hizo, na mapenzi yaliyosimuliwa ndani yake.

Picha hiyo yaitwa Passengers, yaani Abiria. Iliandikwa na Jon Spaihts, ikaongozwa na Morten Tyldum wa Norwe, na waliocheza nafasi kubwa ni Jennifer Lawrence na Chris Pratt. Ni katika jamii ya sinema zinazopika katika chungu kimoja vitu viwili ambavyo aghalabu hupikwa mbalimbali: mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na mambo ya kubuni yaliyojengwa juu ya elimu ya sayansi. Kisa chake ni hiki. Chombo cha angani kiitwacho Avalon chasafiri kutoka duniani kwenda sayari ya mbali ambako watu wameahidiwa makazi mapya. Safari ni ya miaka 120. Ndani yake mna abiria 5,000 na wafanyakazi 258, na wote wamelazwa usingizi usiozeesha, wapate kuamka wakati mwendo uliosalia ni wa miezi michache tu. Baada ya miaka 30 chombo chapigwa na mawe ya angani, mitambo yake yatikisika, na kitanda kimoja chamwamsha mtu wake. Mtu huyo ni Jim Preston, fundi makanika. Imesalia miaka 90 kufika. Hawezi kurudi usingizini, hawezi kuwafikia wakubwa wa chombo, na umri wake hautoshi kuiona nchi aendayo.

Upweke ni uvundo, wasema wahenga, na picha yaonyesha uvundo huo ukimwingia mtu taratibu. Jim ana vyumba vya anasa, ana michezo, ana vinywaji. Chakula kizuri hanacho, kwa kuwa tiketi yake ni ya daraja la chini na mashine ya mkahawa haijui huruma. Mwenzi wake ni mmoja tu, Arthur, mhudumu wa baa, ambaye juu ya meza ni mtu mwenye koti safi na maneno ya adabu, na chini ya meza ni chuma. Mwaka mzima wapita hivyo. Ndevu zamwota, akili yapungua, na siku moja asimama katika mlango wa kutokea nje bila vazi la kumhifadhi, mkono u karibu na kitufe. Anusurika kwa nafsi yake mwenyewe. Kisha amwona Aurora Lane, amelala ndani ya kioo.

Aurora ni mwandishi. Jim asoma alivyoandika, atazama mazungumzo yake yaliyohifadhiwa, acheka peke yake kwa mzaha wa mtu asiyejua kama yupo. Apenda. Akipenda, ajua anachotamani kutenda na ajua ni uovu, kwa maana amwambia Arthur hivyo na kuapa kwamba hatatenda. Halafu achukua vifaa vyake vya ufundi, afungua kitanda, amwamsha, na kumwambia kwamba mitambo imeharibika kama ilivyoharibika ya kwake.

Huo ndio moyo wa picha, wala haukuwekwa mwishoni kama zawadi ya mtazamaji mvumilivu. Wawekwa mapema, kabla picha haijafika nusu, mbele ya macho yetu, bila giza lolote. Tangu hapo kila busu tunaloliona twaliona tukijua lilivyopatikana.

Sasa tuitazame trela, yaani kipande kifupi kinachotangulizwa ili kuwavuta watu. Trela ya Abiria ilitolewa mwezi wa Septemba 2016, miezi mitatu kabla ya picha yenyewe. Yaonyesha watu wawili wazuri wakiwa macho katika chombo cha waliolala. Wacheka, waogelea, wavaa nguo za karamu, wapendana. Kisha mitambo yaanza kufa na wao wakimbilia kuokoa roho za wenzao. Swali lililotiwa katika kichwa cha mtazamaji ni kwa nini hawa wawili wameamka kabla ya wakati. Na bango la ukutani lilikazia neno hilo hilo: kuna sababu ya wao kuamka. Sababu ni siri kubwa ya chombo, ndivyo mtu alivyofahamishwa. Pengine hila za wenye kampuni, pengine hatari isiyojulikana, na wawili hawa wameteuliwa na majaliwa waizuie.

Hebu tuipime kauli hiyo kwa mizani ya sarufi yetu. Wao wameamka. Kiambishi kimoja cha wengi kimefunika tendo la mmoja. Jim aliamka; Aurora aliamshwa. Waliotunga tangazo hawakuhitaji kutamka neno la uongo hata moja, kwa maana ni kweli kwamba wawili hao wako macho, na ni kweli kwamba sababu ipo. Waliunganisha nafsi mbili katika kitenzi kimoja wakaenda zao. Sijui mfano mwingine ambao dhambi imefichwa kwa ustadi zaidi ndani ya wingi.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuhifadhi ladha. Mwenye hadithi, watasema, hana budi kuficha jambo, la sivyo nani atakata tiketi? Hoja hii ina haki yake mahali pengine. Nikiwa nauza kisa cha upelelezi sitaandika jina la mwuaji juu ya jalada. Lakini mwuaji hufichwa katika tangazo kwa sababu amefichwa katika kitabu pia. Tangazo na kitabu vyakubaliana. Katika Abiria hakuna mapatano hayo. Mtazamaji hafichwi kitu na hadithi. Anayefichwa ni Aurora peke yake, ndani ya chombo, na mnunuzi wa tiketi, nje ya mlango wa sinema.

Jambo hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wenye kuitangaza picha walimtendea mtazamaji kama Jim alivyomtendea Aurora. Walimtazama kwa mbali, wakachunguza apendacho, wakamtamani awe pamoja nao. Wakajua kwamba akiambiwa ukweli huenda asije. Basi wakamtoa alikokuwa kwa maelezo yasiyokuwa kamili, wakitumaini kwamba akishafika na kuona uzuri wa mahali, atapenda, na akishapenda atasamehe.

Pwani yetu inamjua mtu ambaye kazi yake ni kueleza uzuri wa mwingine: mshenga. Hutumwa na upande wa mwanamume, huketi kwa wazee wa mwanamke, hufungua maneno kwa taratibu zake. Hakuna mzee anayemdhania kwamba atasema yote. Akimwita kijana mpole kuliko alivyo, au akiukuza mshahara wake kidogo, wazee hutabasamu, maana wao nao walitumiwa washenga zamani zao na wanajua kauli ya posa inavyopambwa. Lakini iko mipaka. Mshenga aliyenyamaza juu ya mke wa kwanza aliyeko mji mwingine, hata kama hakuulizwa, hataitwa tena kuzungumzia posa katika mtaa ule. Upo ukimya unaopamba, na upo ukimya unaoiharibu ridhaa yenyewe. Wanachuoni wa sheria ya Kiislamu wameieleza kanuni hiyo katika biashara waziwazi: mwuzaji akiijua ila ya kitu, ni juu yake kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Tiketi ya sinema, kwa bahati mbaya, hairudishwi baada ya taa kuzimwa.

Sitaki kumtwika mzigo asiyehusika. Aghalabu mwongozaji wa picha siye mtengenezaji wa trela. Ziko karakana za watu wenye ufundi huo tu, ambao hukodiwa na upande wa biashara, hupewa vipande vya picha isiyokwisha kuunganishwa, hukata na kushona mpaka zikapatikana dakika mbili na nusu. Ufundi huo ni wa miaka mingi: huko New York ulianza kuonekana mwaka 1913. Jina lenyewe lina kichekesho. Trela ni kitu kinachofuata nyuma, kama tuonavyo katika malori ya mizigo barabarani, na matangazo hayo yaliitwa hivyo kwa sababu mwanzoni yalifuata nyuma ya picha. Wafanya biashara wakagundua kwamba picha ikiisha watu hunyanyuka wakaenda zao, basi wakayaleta mbele. Tangu siku ile trela imekuwa ikilivuta lori.

Kwa nini basi moyo wa Abiria ulifichwa? Jibu la kwanza ni fedha. Picha ilikadiriwa kugharimu dola milioni 110, na ikachezwa na wawili waliokuwa miongoni mwa waigizaji waliopendwa sana wakati ule. Mtu aliyetoa fedha kiasi hicho hutaka watu wa kila namna waje: wenye kupenda mashine, wenye kupenda busu, vijana, wazee. Hataki mtu asimame mbele ya bango na kujiuliza kama kijana huyu mzuri ni mhalifu.

Lakini liko jambo la kushangaza zaidi. Maandishi ya Spaihts yalikuwa yakijulikana kwa wenye kazi hiyo muda mrefu kabla ya picha kupigwa. Mwaka 2007 yalitajwa katika orodha inayotolewa kila mwaka ya maandishi ya sinema yanayopendwa na watu wa Hollywood nayo hayajafanywa picha. Miaka tisa yalizunguka, yakasomwa, yakasifiwa, yakakosa fedha, yakaokotwa tena. Waliokuwa wakiyasoma walikuwa wakisoma habari ya mtu aliyemwamsha mwingine kwa upweke wake. Hivyo jambo lililokuwa wazi kwa wanunuzi wa ndani kwa miaka tisa lilifichwa wanunuzi wa nje kwa miezi mitatu. Msemo wetu wanena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Hapa kizuri kilifungiwa ndani, na kilichotembezwa mitaani ni nguo zake.

Nasema kizuri kwa kusudi. Sidai kwamba tendo la Jim ni zuri. Swali lake ndilo zuri, na ndilo pekee linaloifanya picha hii istahili kufikiriwa na mtu mzima. Kumwamsha Aurora ni kumfunga kifungo cha maisha katika chombo, afe humo kabla ya kufika. Naye alikuwa na mipango yake: alikusudia kukaa mwaka mmoja katika sayari mpya, kisha kurudi duniani baada ya karne mbili na nusu kupita huku, aandike habari ambayo mwandishi mwingine hajaiandika. Yote hayo yalikatwa na mkono wa mtu aliyempenda. Je, pendo lililoanza kwa kumnyima mtu hiari yake laweza kugeuka kuwa pendo la haki? Je, upweke ni udhuru wa kiasi gani? Picha yampa Gus, mfanyakazi wa chombo aliyeamka baadaye, maneno ya busara juu ya mtu anayezama majini, jinsi atakavyomkamata aliye karibu na kumvuta chini. Si haki, lakini anazama. Aurora mwenyewe aliita uuaji. Kauli hizo mbili zikae pamoja, wala moja isiifute nyingine: ningefurahi kuona trela iliyothubutu kuzionyesha.

Shangazi yangu aliitazama picha hii nyumbani, miaka michache baada ya kutoka, naye hakuwahi kuona trela wala bango. Jim alipokiendea kile kitanda na vifaa mkononi, shangazi alijiinua kitini akauliza, "Huyu anamfanya nini mtoto wa watu?" Sisi wengine tulioijua trela tulikuwa tukingoja mapenzi yaanze. Yeye aliona mtoto wa watu. Neno hilo ni zito kwetu, kwa maana latukumbusha kwamba kila mtu, hata akiwa amelala peke yake mbali na kwao kwa safari ya miaka thelathini, ana watu wake nyuma yake, na watu hao wangeuliza. Picha ilipokwisha alisema, "Mwanangu, mimi huyu kijana namhurumia, lakini binti yangu simpi." Sijasoma uhakiki wa Abiria uliokuwa mfupi na wa haki kuliko huo. Naye aliweza kuutoa kwa sababu hakuna aliyemtangulia kumwambia alichokuwa akikitazama.

Kumbe sinema za namna hii zina maumbile ambayo huwavuta watangazaji wakose. Sayansi ndani yake si pambo. Ni chombo cha kulitenga swali moja la mapenzi na kuliweka peke yake, kama daktari atengavyo kijidudu kimoja katika kioo chake apate kukitazama. Duniani humwoni Jim peke yake na Aurora peke yake. Wana majirani, wana wazazi, wana polisi. Hesabu za Avalon, miaka 120 na miaka 90, zaondoa hayo yote ili swali libaki uchi. Mtangazaji naye ajua kuuza chombo na ajua kuuza nyuso mbili zinazokaribiana. Swali halina sura, basi huliacha.

Mwaka 2002 Steven Soderbergh alitoa picha ya Solaris, kutoka katika riwaya ya mwaka 1961 ya mwandishi wa Poland, Stanisław Lem. Tarkovsky wa Urusi alikuwa amekwisha kuifanyia picha mwaka 1972. Riwaya yahusu bahari yenye uhai katika sayari ya mbali, ambayo akili ya mtu haiwezi kuifahamu, nayo huwaletea wasafiri watu waliotoka katika kumbukumbu zao. Mmoja wao ni mke aliyejiua, aliyemrudia mumewe kwa sura ile ile. Bango la Soderbergh lilikuwa na nyuso za George Clooney na Natascha McElhone zilizokaribiana sana, na watu wakaja kuona mapenzi ya nyota. Walipewa picha ya ukimya, ya msiba, ya mashaka. Wale wanaowauliza watazamaji wakiwa wanatoka mlangoni usiku wa kwanza, ambao huitwa CinemaScore, walirudi na alama ya F, nayo ndiyo ya chini kabisa. Sina shaka kwamba wengi walioitoa alama hiyo walikuwa wakiipima trela na si picha. Lem naye alilalamika kwamba hakuandika kitabu cha mapenzi katika anga za juu, na kama angekusudia hayo angekipa jina la namna hiyo. Picha iligharimu dola milioni 47 na haikuzirudisha katika majumba ya sinema. Abiria ilipata zaidi ya dola milioni 300 duniani kote. Aliyetarajia kwamba soko litamwadhibu mficha ila na azitazame hesabu hizo mbili. Soko si kadhi.

Uko pia udanganyifu ambao watu husamehe. Eternal Sunshine of the Spotless Mind ya mwaka 2004 ilitangulizwa na trela yenye muziki wa furaha na Jim Carrey aliyezoeleka kwa vichekesho, na waliokwenda kucheka walikuta habari ya mwanamume ambaye mpenzi wake ameilipa zahanati imfute katika kumbukumbu yake. Sikumbuki mtu aliyenung'unika. Aliyeahidiwa maji akapewa maziwa hashtaki.

Ama kushtaki, kumejaribiwa. Yesterday, picha ya Danny Boyle ya mwaka 2019, ni ya mapenzi na ya mambo yasiyowezekana pia: mwanamuziki mmoja aamka katika dunia iliyowasahau Beatles. Katika trela alionekana Ana de Armas; katika picha hayumo, kwa kuwa sehemu yake ilikatwa baada ya watazamaji wa majaribio kutopenda shujaa awe na moyo wa kugawanyika. Wanaume wawili wa Marekani walioikodi kwa karibu dola nne kila mmoja walifungua mashtaka mwezi wa Januari 2022, wakidai kwa niaba yao na ya wengine dola zisizopungua milioni tano. Wengi walicheka. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliikataa hoja ya kampuni kwamba trela ni sanaa iliyo huru kama picha yenyewe. Trela, alisema, ni usemi wa biashara, nayo yafungwa na sheria ya matangazo ya uongo. Mwaka 2023 wenye madai hawakufanikiwa, na kesi ikatupwa. Ila neno lilikwisha kusemwa mahakamani.

Hata hivyo jaji aliiwekea kanuni hiyo uzio. Aliwaambia waliohofu kwamba kila mtazamaji aliyechukizwa atakimbilia mahakamani, kuwa jambo la kuangaliwa ni kama mwigizaji fulani, au tukio fulani, limo katika picha au halimo. Zaidi ya hapo sheria haiingii. Nauona uzio huo kuwa wa busara, kwa maana siwezi kufikiri mahakama itapimaje kama picha ilikuwa ya kusisimua kweli kweli. Lakini uweke mbele ya Abiria uone. Jennifer Lawrence yumo. Chris Pratt yumo. Kuogelea kumo, karamu imo, moto umo. Aliyekwenda kwa ajili ya nyuso atahesabu na kuridhika. Uongo uliokaa katika kiambishi haukamatwi na sheria inayohesabu nyuso, wala sioni hakimu atakayekuja kuukamata. Kazi hiyo imebaki kwa wahakiki na walimu, na kwa mashangazi.

Baada ya Abiria kutoka, palikuwa na waliopendekeza kwamba ingalipangwa upya. Ianze Aurora afumbuapo macho, tuijue dunia ya chombo pamoja naye, tumwone kijana mwenye ndevu akija na maelezo yake, tumpende pole pole kama yeye anavyompenda, na tujue ukweli siku ile ile ajuapo yeye. Ni pendekezo la mtu mwenye jicho. Lau lingefuatwa, ile trela ingalikuwa ya haki, maana ingalificha kile tu kinachofichwa na hadithi. Nami ningalishawishika nalo, ila naona tungepoteza mwaka ule wa upweke, ambao ni kazi bora ya picha nzima, na Jim angekuwa jinamizi tu. Kumwelewa mtenda uovu kabla hajautenda ni jambo gumu na la thamani zaidi kuliko kushtuliwa naye.

Niseme neno moja juu ya Arthur, ambaye namwona ndiye mwenye heshima kuliko wote katika chombo kile. Aliombwa aitunze siri, akaitunza. Usiku wa kuzaliwa kwa Aurora, wapenzi wanapokaa mbele yake na kusema kwamba baina yao hakuna siri, auliza kama ni kweli, aambiwa ni kweli. Basi Jim anapoondoka kidogo, yeye ayatamka yote kwa upole, glasi mkononi. Mashine haikujua kwamba watu husema hakuna siri wakiwa nazo. Ningependa wenye karakana za trela wamwajiri hata kwa wiki moja.

Angewatengenezea nini? Nimejaribu kuiwaza. Korido ndefu, nyeupe, isiyo na mtu. Mwanamume mwenye ndevu ala chakula peke yake, siku baada ya siku, hesabu ya siku ikipita chini ya picha mpaka ikafika mwaka. Mhudumu afuta glasi na kumsikiliza. Kisha kioo, na uso wa mwanamke aliyelala ambaye hajui chochote. Mwanamume apiga magoti kando yake. Mkononi ana kifaa cha kufungulia, mkono watetemeka, na hatuonyeshwi kama afungua au la. Hapo picha yakatika, jina latokea, taa zawaka. Na aliye kitini aamua mwenyewe, kwa macho yaliyo wazi, kama Desemba atakwenda au hatakwenda.